Mkono Upo

Machi 3, Jumatatu

Nimelazwa leo mchana, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani. Mvua ya kwanza ya msimu imeanza wakati nasaini fomu. Daftari hili nimepewa na mtaalamu wa mazoezi ya viungo, aliyeniambia niandike mambo mawili tu kila siku: kiwiko kimebakiza nyuzi ngapi kunyooka, na maumivu ni mangapi kati ya sifuri na kumi. Nikamwambia mimi ni karani wa masjala, nikipewa daftari siwezi kuandika mambo mawili. Hakucheka. Nimeshampa jina: Bwana Nyuzi.

Basi nifungue faili inavyotakiwa. Nina miaka ishirini na tisa. Narusha mkuki, na nimo kwenye klabu ya Kocha mwaka wa kumi na moja huu. Mama huwaambia majirani kwamba binti yake anarusha fimbo kisha anakwenda mwenyewe kuiokota. Mwezi Januari, mrusho wa tatu wa asubuhi, kitu kililia ndani ya kiwiko cha kulia na mkuki ukaanguka hatua chache mbele yangu. Daktari wa mifupa amenichorea. Upande wa ndani wa kiwiko kuna kano inayofunga mfupa wa juu na wa chini, na kila mrusho huivuta. Yangu imevutwa mpaka imekatika. Kesho atachukua kano nyingine nyembamba kutoka kwenye kifundo cha mkono, atoboe mifupa, aipitishe kwenye matundu na kuikaza. Ikishika, baada ya miezi tisa naweza kurusha tena. Isiposhika, mkono utabaki wa kubebea mafaili na kuoshea vyombo.

Nilimuuliza ni wangapi wanaorudi. Akasema wengi. Nikauliza wengi ndiyo wangapi, akasema tena wengi, na kutoka.

Hiyo kano ya kifundo ni ya ziada, wengine hawanayo kabisa. Unagusisha kidole gumba na kidole kidogo, unakunja kiganja, na ikiwepo inasimama chini ya ngozi. Yangu ipo. Mama amejaribu yake jioni nzima pale kando ya kitanda, mkono huu na huu, na hakuna kitu. Amekasirika kama mtu aliyeibiwa.

Kocha amepita saa za kuangalia wagonjwa zikikaribia kwisha. "Mkono?" akauliza. "Upo," nikajibu. Ndiyo salamu yetu uwanjani. Kila asubuhi hupita mbele yetu mmoja mmoja na kuuliza hivyo, na jibu ni hilo hilo. Sijawahi kusikia mtu akijibu jingine. Hata leo, na kano imekatika, nimejibu upo, na sote wawili tukacheka.

Machi 4, Jumanne

Imefanyika. Naandika kwa kushoto. Kichefuchefu.

Machi 6, Alhamisi

Plasta kutoka bega hadi vidoleni, mkono umekunjwa. Maumivu sita. Daktari anasema kano ilikuwa imechakaa siku nyingi kabla ya kukatika, nyuzinyuzi zake zimesambaratika kama kamba kuukuu. Akauliza ilianza kuuma lini. Nikasema Januari. Akaniangalia juu ya miwani.

Ilianza kuuma misimu miwili nyuma. Nimeliandika humu, basi limeandikwa.

Machi 11, Jumanne

Plasta imetolewa, nimevishwa kifaa cha chuma chenye bawaba. Bwana Nyuzi ndiye anayepanga bawaba hiyo iende umbali gani, na ufunguo wake anautia mfukoni. Ana kipimo cha plastiki, kama kile cha hesabu za shule ila kina mikono mirefu, anakilaza kwenye kiwiko na kusoma kwa sauti. Nimebakiza nyuzi thelathini na tano kunyooka. Nilimuuliza kama tunaweza kuongeza kidogo. Akasema kano mpya haijui kwamba mimi nina haraka.

Machi 16, Jumapili

Mvua tangu alfajiri. Mama ananikatia chakula vipande vidogo kama mtoto. Nimemwambia meno sikufanyiwa upasuaji.

Machi 25, Jumanne

Nyuzi ishirini na mbili. Maumivu mawili.

Nimepita uwanjani nikitoka hospitali. Kwa sababu ya tope, mazoezi yanafanyika bandani, wanarushia wavu. Kijiti alikuwa na mkuki wangu. Huyu ni msichana wa miaka kumi na tisa, mwembamba kama jina lake, alijiunga nasi mwaka juzi. Kocha ndiye aliyempa mkuki huo. Amesema chuma hakipendi kukaa bure. Kijiti alinipa shikamoo kwa adabu zake zote, na mimi nikaitikia marahaba huku jicho liko kwenye mkuki. Anarusha vizuri. Anarusha vizuri kuliko nilivyorusha mimi katika umri wake, na nimetembea hadi nyumbani nikitafuta kasoro yake bila kuipata.

Niandike na hesabu yenyewe. Shirikisho limeipa klabu yetu nafasi moja ya mkuki wanawake, kwa miaka miwili. Mchujo ni mwisho wa Juni. Asipofikisha umbali mtu yeyote, upo mchujo wa pili Desemba. Kijiti akifikisha Juni, nafasi imekwenda, nami nitakuwa na miaka thelathini na moja itakapofunguliwa tena. Kwa hiyo mkono wangu lazima uwe tayari Desemba, na Kijiti lazima ashindwe Juni. Hakuna kati yetu anayeisema hesabu hii kwa sauti.

Aprili 1, Jumanne

Nyuzi kumi na tano. Bwana Nyuzi ameniuliza kama inauma, nikasema hapana. Akauliza tena swali lile lile kwa maneno mengine. Huyu mtu anamhoji mgonjwa kama polisi.

Aprili 4, Ijumaa

Nimerudi kazini. Mkuu wa masjala amenipangia rafu za chini ili nisinyooshe mkono juu. Nimeinama siku nzima na sasa mgongo unauma kuliko kiwiko.

Aprili 15, Jumanne

Wiki sita. Kifaa kimetolewa! Nyuzi sita tu zimebaki. Mkono umekonda, ngozi imepauka, nywele zimeota pale palipofunikwa. Mama ameutazama akasema una sura ya mkono wa mwalimu wake wa darasa la kwanza. Kuanzia leo nabana mpira laini na kuvuta mpira wa kunyumbuka. Ni mwiko kurusha kitu chochote hadi wiki ya kumi na sita. Bwana Nyuzi amelisema mara tatu, na mara ya tatu amenitaka nirudie. Akaeleza kwamba miezi hii mkono utajisikia mzima kumbe ndani kano bado inashikana na mfupa, na kwamba watu huharibu pale wanapojisikia vizuri. Niliitikia ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Aprili 19, Jumamosi

Mvua.

Aprili 29, Jumanne

Nyuzi mbili. Sifuri. Najisikia mzima.

Mei 3, Jumamosi

Kocha amenipigia simu kuniuliza mkono. Upo, nikasema. Halafu akasema klabu bila mimi imepoa. Sikulala haraka kwa furaha. Mtu huyu alinitoa kwenye mashindano ya shule nikiwa sijui hata kushika mkuki, akanitafutia kazi, akaja kwenye msiba wa baba yangu kabla ya ndugu zangu wa damu. Nikirusha tena, nusu ya mrusho ni yake.

Mei 10, Jumamosi

Nimefanya upumbavu.

Saa kumi hivi mvua ilikatika. Nilikuwa uani naanika nguo, Mama yuko kibarazani anachambua mchele. Watoto wa jirani walikuwa wakicheza upande wa pili wa ukuta, na mpira wao, ule mdogo wa tenisi uliokwisha manyoya, ukaruka ukutani, ukadunda mara mbili na kuja miguuni kwangu. Sauti ikapiga kelele: shangazi, mpira wetu. Niliuokota nikaurudisha. Kwa kulia. Sikufikiri. Sikuurudisha hata kwa chini kama mtu mwenye akili, nilipiga hatua, bega likazunguka, kiwiko kikaja nyuma yake, ule mwendo wote wa miaka kumi na moja. Mpira ulipita juu ya ukuta na juu ya watoto na kwenda kuangukia kwenye bati la nyumba ya tatu. Watoto wakashangilia.

Kitu kilinivuta upande wa ndani. Hakikulia kama Januari. Kilivuta tu, kikaachia, na ganzi ikashuka hadi kidole kidogo na cha jirani yake. Nilisimama na shuka begani. Mama alikuwa ameacha kuchambua.

"Umerusha," akasema.

Nikamwambia mpira wa watoto tu. Akaniuliza kama mpira wa watoto unarushwa kwa kano nyingine. Akasema hatasema kwa mtu, ila nisimdanganye yeye.

Jioni nimeweka barafu. Kidole kidogo bado hakijui ni cha nani. Mrusha mkuki gani asiyejua kutorusha? Sijui. Labda sote. Mwalimu wa kuogelea angeuacha mpira pale chini, mshona viatu angeupiga teke.

Mei 11, Jumapili

Ganzi ipo.

Mei 12, Jumatatu

Ganzi ipo. Nimeangusha faili mbili kazini. Nimesema sakafu ina utelezi.

Mei 13, Jumanne

Bwana Nyuzi alilaza kipimo na kusoma: kumi. Wiki mbili zilizopita nilikuwa na mbili. Akanitazama. Nikasema labda nimeulalia vibaya. Akabonyeza upande wa ndani na kuuliza. Nikajikaza kisabuni nikasema hakuna kitu. Akaandika, akafunga jalada, akasema tuonane Jumanne ijayo. Hata mazoezi hakunipa.

Nilitoka pale nimeshinda, na njia nzima nilitamani mtu anipige kofi.

Mei 15, Alhamisi

Nimekwenda mwenyewe bila miadi. Nilikaa kwenye benchi la korido tangu saa mbili, nikasubiri wagonjwa wake wote waishe. Nilipoingia nikamwaga yote: mpira, ukuta, ganzi, barafu, uongo wa Jumanne. Nilitegemea anipe vidonge vyangu. Hakupandisha hata sauti.

"Nilijua Jumanne," akasema. "Nyuzi nane hazipotei kwa kulalia. Nilitaka nione utasema lini."

Nikamuuliza kwa nini hakunibana. Akasema asiyezoea kusema, ukimbana anaongeza uongo tu. Kisha akaenda kabatini na kurudi na majalada matatu, akayaweka mezani yamefungwa, akaeleza bila kutaja mtu. Wa kwanza alitoka klabu yetu miaka sita nyuma, wa pili minne, wa tatu miwili. Wote kiwiko, wote upande wa ndani. Mmoja alirudi uwanjani, wawili hawakurudi. Niliwajua hata bila majina. Kwetu, wasiorudi tulisema yule ameolewa, yule hakuwa na moyo.

"Wewe ni wa nne," akasema. "Klabu nyingine zinaniletea watu wanaoumwa. Yenu inaniletea waliokwisha kukatika. Hajaja hata mmoja kuniambia inauma tu. Kwenu huwa mnaambiana nini?"

Nilimweleza salamu yetu. Mkono? Upo. Nilipoisema mle ndani, kwenye chumba chenye kitanda cha plastiki na picha ya mifupa ukutani, haikuchekesha.

Daktari wa mifupa ameniona mchana ule ule. Akakishika kiwiko, akakisukuma kwa pembeni kukijaribu, akapaka ile jeli baridi na kupitisha mashine. Nilikuwa natazama dari. Akasema kano imeshika. Neva iliyo jirani yake ndiyo iliyovutwa na kuvimba. Nimerudishiwa kifaa cha chuma kwa wiki mbili, na tarehe ya kurusha imesogezwa wiki mbili. Nimeponea chupuchupu. Nimelia mbele ya watu wawili wanaolipwa kutazama viwiko, na sijali.

Mei 20, Jumanne

Nyuzi saba. Ganzi inapungua. Bwana Nyuzi ameuliza kama inauma. Nikasema ndiyo, kidogo, hapa, nikinyoosha. Akaandika mstari mzima.

Mei 24, Jumamosi

Mvua kubwa, barabara ya sokoni haipitiki. Nimekaa ndani nikiwafikiria wale watatu. Yule wa pili tuliwahi kulala chumba kimoja kwenye mashindano. Alikuwa anachana nywele kwa kushoto. Nilimtania kwamba mkono wa kulia ameusahau nyumbani. Alicheka sana.

Nimemkasirikia Kocha leo, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. Nimeosha vyombo kwa kishindo mpaka Mama akauliza sufuria imenikosea nini.

Mei 29, Alhamisi

Kifaa kimetoka tena. Nyuzi tatu.

Juni 3, Jumanne

Nimekwenda bandani kutazama mazoezi. Nilikuwa na sababu yangu: kuona Kijiti yuko umbali gani na mchujo. Yuko karibu. Kocha amepima kwa jicho, akasema mkuki ule bila wavu ungefika.

Halafu nikaona. Baada ya kila mrusho Kijiti anakung'uta vidole, kama mtu anayekausha maji. Alikunywa maji kwa kushoto. Begi alilivaa bega la kushoto, akauning'iniza mkono wa kulia bila kuukunja wala kuunyoosha. Hakuna mwingine aliyeliona pale bandani, maana hakuna mwingine aliyewahi kuishi na mkono huo. Mimi nimeishi nao misimu miwili.

Niandike ukweli, daftari ni langu. Nilifurahi. Dakika moja hivi, nzima, nilisimama chini ya bati linalopigwa na mvua na kupiga hesabu: kano ile haifiki mwisho wa Juni, na Juni ikikosa mtu, Desemba ni yangu. Sikuhitaji kufanya lolote. Nilihitaji kukaa kimya tu, na kukaa kimya ndiko nilikofundishwa vizuri kuliko kurusha.

Juni 4, Jumatano

Sikufanya lolote.

Juni 5, Alhamisi

Nimemsubiri Kijiti nje ya geti, tukasimama chini ya mwavuli wangu mmoja. Nikamwambia nimeona vidole. Nikamwonyesha kovu langu, nikamweleza kano, matundu ya mfupa, neva, kila kitu. Nikamwambia aende akapimwe, pengine bado ni uvimbe tu na hauhitaji kisu. Alisikiliza ameinamisha kichwa. Nikadhani ameelewa.

"Dada," akasema, "ungeniambia haya Julai ningekushukuru."

Akatoka chini ya mwavuli akaenda zake na mvua. Sina la kumlaumu. Ningekuwa yeye ningesema hivyo hivyo, tena kwa lugha chafu zaidi.

Juni 7, Jumamosi

Leo nimevunja klabu, au klabu imenivunja, bado sijui.

Nilifika saa moja kasoro, nikasimama kwenye mstari na wengine ingawa sijaruhusiwa hata kugusa mkuki. Walikuwa saba, mimi wa nane. Kocha akapita. Mkono? Upo. Mkono? Upo. Alipofika kwangu akatabasamu, na mimi nikajibu kwamba wangu unashonwa, bado. Watu wakacheka kidogo. Akaenda kwa Kijiti, akauliza, na Kijiti akajibu upo, kwa sauti kubwa kuliko wote.

"Kocha, wa Kijiti unauma," nikasema. "Una ganzi vidole viwili. Wangu ulikuwa hivyo hivyo misimu miwili na kila asubuhi nilikuambia upo."

Bati lilikuwa kimya, mvua ilikuwa imekatika. Kijiti alisema mimi mwongo, nina kijicho, nataka nafasi. Nikasema ndiyo, nafasi naitaka, na aliyosema ya kijicho ni kweli vilevile, ila vidole ni vyake. Kisha nikawataja wale watatu, mmoja mmoja, kwa majina yao ya uwanjani, na kusema wako wapi. Sikupanga kuwataja. Midomo ilianza yenyewe na haikusimama.

Kocha aliniambia nitoke. Hakufoka. Alisema, "Toka uwanjani kwangu," na kugeukia wavu. Miaka kumi na moja, na nimetolewa kama mtu aliyeingia bila tiketi. Nimerudi nyumbani kwa miguu. Mama alinitengea chakula na kukaa karibu nami.

Juni 8, Jumapili

Hakuna simu.

Juni 10, Jumanne

Nyuzi sifuri. Mkono umenyooka wote, mara ya kwanza tangu Januari. Bwana Nyuzi amenipa mkono, wa kushoto. Ningefurahi zaidi kama ningekuwa na uwanja wa kuupeleka.

Juni 12, Alhamisi

Nimesikia kwa muuguzi wa mapokezi. Jana Kocha alimleta Kijiti hospitalini mwenyewe. Walikaa benchi lile lile la korido tangu asubuhi hadi saa tisa, na Kocha alikataa kwenda hata kunywa chai. Picha inaonyesha kano imechanika nusu, haijakatika. Hakuna kisu. Miezi mitatu bila kurusha, mazoezi ya nguvu, kisha watamjaribu polepole.

Kwa hiyo Juni hana. Desemba atakuwepo, na mkono wake mzima na miaka yake kumi na tisa. Nimejitengenezea mshindani kwa mikono yangu mwenyewe, mmoja ukiwa bado unajengwa. Nimecheka peke yangu masjala mpaka mkuu akachungulia.

Juni 17, Jumanne

Kijiti ndiye anayenitangulia sasa kwa Bwana Nyuzi. Tulipishana mlangoni. Hakunipa shikamoo. Alipita ameukumbatia mkono wake.

Juni 24, Jumanne

Leo hakuna mvua. Kijiti alitoka, akasimama, akasema shikamoo kwa kuikata. Marahaba. Nikamwambia zoezi la kuzungusha kiganja alifanye pole pole, wengi hulikimbilia. Akasema Bwana Nyuzi amemwambia. Hata jina nililompa mimi wamenichukulia.

Juni 28, Jumamosi

Mchujo umefanyika. Hakuna aliyefikisha umbali.

Julai 1, Jumanne

Jumanne ijayo narusha. Mpira wa tenisi, mita kumi, mitupo ishirini na tano, mapumziko, ishirini na tano tena. Bwana Nyuzi ameniambia nije na mtu wa kunirudishia mpira, maana yeye atakuwa anatazama kiwiko. Nimemwambia Mama. Amesema atakuja akae kwenye kiti na mwavuli, ila mpira hadaki, yeye hata kano ya ziada hana.

Julai 8, Jumanne

Jua. Nyasi za nyuma ya hospitali bado zina maji, viatu vililowa mara moja. Nilikuwa nimemwomba mwenzangu wa masjala aje, na hakutokea. Bwana Nyuzi alikuwa ameshapima mita kumi na kuchomeka vijiti viwili. Tukasubiri dakika kumi, akaanza kusema tuahirishe.

Kocha akatokea kwenye kona ya jengo la maabara; nadhani Kijiti ndiye aliyempa siku na saa. Shati jeupe la mikono mirefu, kofia mkononi. Tulikuwa hatujasemeshana mwezi mzima. Nikampa shikamoo, akaitikia. Akaniuliza asimame wapi. Nikamwonyesha kile kijiti cha pili, akaenda.

Mtupo wa kwanza. Niliushika mpira muda mrefu kupita kiasi. Bwana Nyuzi akasema taratibu, kiwiko juu. Nikaachia. Haukuwa mrusho wa kujivunia, ulipinda angani kama wa mtoto, lakini ulifika, na Kocha akaudaka kwa mikono miwili kifuani. Ndani ya kiwiko hakukuvuta kitu. Nikasubiri ganzi. Haikuja.

Nikanyoosha kiganja anirushie. Kocha akauchukua mpira, akatembea zile mita kumi, akaniwekea mkononi, akarudi kwenye kijiti chake. Nikadhani ni adabu ya siku ya kwanza. Mtupo wa pili akafanya vile vile. Wa tatu nikamwambia nirushie tu Kocha, nitadaka kwa kushoto. Akatikisa kichwa na kuja na mpira, hatua kumi na nne, nilizihesabu, na viatu vyake vinapiga maji. Wa nne. Wa tano.

Baada ya wa sita nilisimama. Nilikuwa najaribu kukumbuka lini nilimwona Kocha akirusha mkuki. Kisha lini nilimwona akirusha jiwe, funguo, ganda la ndizi. Alikuwa akitufundisha kwa mdomo na kwa kutushika mabega. Miaka kumi na moja, na sikumbuki kitu kimoja kilichowahi kutoka mkononi mwake kikaruka.

Bwana Nyuzi alikuwa ameacha kutazama kiwiko changu. Hasira yangu yote ya msimu huu niliitafuta pale nikaikosa, nikabaki na huruma tu, na aibu kwamba sikuwahi kuuliza.

"Tangu lini, Kocha?" nikasema.

"Nilikuwa na miaka ishirini na sita," akajibu. "Kocha wangu aliuliza mkono, nikamwambia upo." Akaufuta mpira maji kwenye suruali yake. "Endelea. Bado kumi na tisa."

Niliendelea. Yeye akatembea. Mama kule kitini alikuwa amefunga mwavuli. Tulimaliza ishirini na tano, tukapumzika, tukafanya ishirini na tano nyingine, na kila mpira aliuleta kwa miguu. Mitupo hamsini, maumivu sifuri, vidole vyote ni vyangu.

Bwana Nyuzi aliandika namba zangu kwanza. Kisha akatoa kipimo chake, akamwomba Kocha akae kwenye benchi na kukunja shati. Kocha alinitazama mimi, akamtazama Mama, halafu akafungua kifungo cha mkono wa kulia. Kiwiko kilikuwa kimepinda na kunenepa upande wa ndani. Bwana Nyuzi akakinyoosha kadiri kilivyokubali, akalaza kipimo, akasoma kwa sauti: thelathini na sita. Akauliza kama inauma.

Kocha, mtu mzima wa miaka sitini na ushee, alitazama zile nyasi tulizozikanyaga.

"Inauma," akasema. "Asubuhi zaidi."

Bwana Nyuzi akaandika, akamwambia aje Jumanne saa nne.